Maisha ya Red Barber, Mtangazaji wa Mpira

Mwaka huu tumeombwa tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kuaga dunia, na wenzangu wengi wamekimbilia Mekatilili wa Menza na Mwangeka wetu wa Taita. Mimi nimemchagua Mmarekani ambaye huenda hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumsikia. Msinicheke kwanza. Muhula ujao Chama cha Kiswahili kitachagua watangazaji wawili wa kushika kipaza sauti katika mashindano ya mikondo, na ubishi umekwisha anza. Kuna wanaotaka mwenye sauti nzito. Kuna wanaotaka mchekeshaji. Wengine wanasema bila haya kwamba mtangazaji lazima atoke mkondo wao ili awasifu. Basi nikaona heri nilete habari za mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, akapandishwa na kushushwa kwa sababu ya hiyo hiyo.

Jina lake kamili lilikuwa Walter Lanier Barber, lakini kwa ajili ya nywele zake nyekundu dunia nzima ilimwita Red. Alizaliwa tarehe 17 Februari 1908 mjini Columbus, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa dereva wa garimoshi. Sisi wa Voi, mji ulioletwa na reli, hatuhitaji kuelezwa mtoto wa reli hukua vipi: saa zote nyumbani hufuata ratiba ya treni. Mama yake alikuwa mwalimu, na hakuvumilia mtoto wake avuruge sarufi. Mwaka wa 1918 jamaa hiyo ilihamia Sanford, jimbo la Florida.

Kijana alipofika Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville, mfuko ulikuwa mtupu. Alifagia na kusafisha nyumba walimoishi wahadhiri ili apate pa kulala. Hapo ndipo bahati ilipomkuta, na ilimkuta kwa njia ya kuchekesha. Siku moja mwaka wa 1930 chuo kilikuwa na kipindi cha kilimo katika redio yake, na mhadhiri mmoja hakutokea. Msimamizi wa kipindi akamsihi Red amsomee mhadhara huo, naye atamlipia chakula cha jioni. Mhadhara wenyewe ulihusu uzazi wa ng'ombe! Red aliusoma kutoka mwanzo hadi mwisho bila kucheka, na wakubwa wa redio wakasikia sauti waliyokuwa wakiitafuta. Kumbe mtu anaweza kuingia katika umaarufu kwa mlango wa zizi.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, maana besiboli haichezwi huku kwetu. Ni ndugu mkubwa wa raunda, ule mchezo wa wasichana wa shule za msingi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Mechi huchukua kama saa tatu hivi, na muda mwingi watu wamesimama tu wakingojea. Kwa hiyo mtangazaji wa redio ana kazi kweli kweli. Akinyamaza, msikilizaji hana kitu. Akibwabwaja, ni kelele.

Mwaka wa 1934 tajiri mmoja wa Cincinnati, Powel Crosley, ambaye alikuwa na kituo cha redio na pia timu ya Reds, alimwajiri Red awe mtangazaji wa timu hiyo. Hebu fikirini: mechi ya kwanza ya ligi kuu aliyoitangaza ndiyo mechi ya kwanza ya ligi kuu aliyopata kuiona kwa macho yake. Alikuwa na miaka 26.

Siku hizo timu iliposafiri mbali, mtangazaji hakusafiri nayo. Alikaa studioni akipokea habari kwa telegrafu, ile mashine ya ti-ti-ti iliyokuwa hata katika stesheni zetu za reli, kisha akaitangaza mechi kana kwamba anaiona. Watangazaji wengi waliongeza chumvi: wakagonga vijiti ili mlio ufanane na wa rungu, wakacheza sahani za santuri zenye makelele ya mashabiki. Red hakutaka. Yeye aliweka kipaza sauti karibu na telegrafu yenyewe, wasikilizaji waisikie ikidonadona, wajue kwamba huyu bwana hayuko uwanjani ila anasoma alicholetewa. Mimi jambo hili lilinishangaza kuliko yote. Nani angemgundua kama angedanganya? Hakuna.

Tena alikuwa na kioo kidogo cha mchanga, kile wanachopimia dakika tatu za kuchemsha yai. Alikiweka mezani, na kila mchanga ulipokwisha kushuka alitaja matokeo, akakigeuza tena. Aliona kwamba kila dakika kuna mtu anayefungua redio kwa mara ya kwanza, naye ana haki ya kujua nani anaongoza. Hapa namkumbuka babu yangu kule Sagalla. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na mpira anaufuata kwa redio tu. Mara nyingi nimemkuta amekasirika, redio imebanwa sikioni, mtangazaji anapaaza sauti kama nyumba inaungua, na nusu saa nzima imepita bila kusema ni ngapi kwa ngapi. Babu huniuliza mimi, nami ndio kwanza natoka kuchota maji. Wazee kama yeye bado humtaja Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, kwa kuwa enzi ya Sauti ya Kenya alikuonyesha uwanja mzima ukiwa umekaa jikoni.

Turudi kwa Red. Timu tatu za mji wa New York zilikuwa zimepatana kwa miaka mitano zisitangazwe redioni kabisa, kwa hofu kwamba watu wakisikia mechi bure nyumbani hawatalipa kiingilio. Mwaka wa 1939 Larry MacPhail, mkuu wa Brooklyn Dodgers, alivunja mapatano hayo akamleta Red kutoka Cincinnati. Watu wa Brooklyn wakaipenda lafudhi yake ya kusini na misemo yake ya mashambani.

Mtihani mkubwa ukaja mwaka wa 1945. Mkuu mpya wa timu, Branch Rickey, alimweleza kwa siri kwamba anakusudia kumleta mchezaji mweusi. Wakati huo ligi kuu ilikuwa ya weupe peke yao. Red alikuwa amelelewa kusini, mahali ambapo mweusi na mweupe hawakula meza moja, na malezi hayo yalikuwa yamemwingia. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Lylah, kwamba ataacha kazi. Mke akamshauri asiwe na haraka. Red aliwaza siku nyingi, akajiuliza yeye amefanya nini hata akazaliwa mweupe, na mwisho akakata shauri kwamba kazi yake ni kueleza mpira umekwenda wapi na nani ameupiga, basi. Jackie Robinson alipoingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947, huku wengine wakimzomea na kumtukana, Red alimtangaza kama mchezaji yeyote: amepiga, amekosa, amekimbia. Kuna watakaosema hilo ni jambo dogo. Mimi naona kwamba mamilioni waliomsikiliza walikuwa wakingojea dalili moja tu ya dharau katika sauti yake, na hawakuipata.

Sasa nafika mahali pa kuchagua watangazaji, ndipo hasa nilipotaka tufike. Mwaka wa 1948 Red aliugua vibaya vidonda vya tumbo, na Dodgers wakahitaji mtu upesi. Walimtaka Ernie Harwell aliyekuwa akitangaza mjini Atlanta. Mwenye timu ya Atlanta alikataa kumtoa bure, akadai mdakaji. Basi Dodgers wakampeleka mchezaji wao Cliff Dapper, nao wakapewa mtangazaji. Mtu kwa mtu, kama mbuzi sokoni! Harwell alipohamia timu nyingine, nafasi ikawa wazi tena, na safari hii mchaguzi alikuwa Red mwenyewe.

Alikuwa amemjaribu kijana mmoja aliyetoka chuoni karibuni, Vin Scully. Mnamo Novemba 1949 alimtuma Boston kutangaza mechi ya futiboli ya Kimarekani katika uwanja wa Fenway Park. Kijana akidhani atakaa ndani ya chumba, aliacha koti hotelini. Alipofika hakuna chumba. Aliitangaza mechi nzima akiwa juu ya paa, baridi ikimkata, huku akitembeatembea ili afuate mchezo, na hewani hakulalamika hata neno moja. Red alikuja kuambiwa habari za paa na watu wengine. Mwaka wa 1950 Scully aliajiriwa, naye Red akamfunza kwa ukali: afike mapema, asishabikie timu, asimwige mtangazaji mwingine yeyote.

Mwaka wa 1953 kampuni iliyodhamini fainali ilitaka Red atangaze kwa malipo iliyopanga yenyewe, bila maafikiano. Alikataa, na mwenye timu hakumtetea. Scully, akiwa na miaka 25, alikaa katika kiti hicho baada ya kumwomba mwalimu wake ruhusa. Red akaondoka akaenda kwa Yankees, mahasimu wakubwa.

Huko ndiko alikoangukia. Mwaka wa 1966 Yankees, timu iliyozoea ubingwa, ilikuwa mkiani. Tarehe 22 Septemba, katika uwanja uliokuwa ukiweza kuchukua watu zaidi ya 60,000, waliolipa kiingilio walikuwa 413. Red aliomba kamera za televisheni zionyeshe viti vitupu. Akakataliwa. Basi akasema kwa mdomo: akawaeleza watazamaji kwamba habari ya siku hiyo si mechi, ni uwanja usio na watu. Siku chache baadaye aliitwa akaambiwa mkataba wake hautaendelea.

Nimewasimulia hadithi hii wanachama wawili watatu, na mmoja akasema Red alijitakia, kwani mshahara ulitoka kwa Yankees. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini mwaka jana sote tulisikia kwenye kipaza sauti kwamba uwanja umefurika, nasi tulioketi pale hatukuzidi sitini, pamoja na mbuzi watatu. Tangu hapo, mtangazaji yule alipotaja hata jina la mfungaji tuligeuka kutazama wenyewe.

Red hakurudi tena katika kutangaza mechi. Alihamia Florida, akaandika vitabu. Mwaka wa 1978 yeye na Mel Allen walikuwa wa kwanza kutunukiwa tuzo ya watangazaji ya Ford Frick. Kuanzia 1981 alisikika kila Ijumaa asubuhi katika redio ya taifa, akiwa nyumbani kwake Tallahassee, akizungumza juu ya mpira kidogo na maua ya bustani yake sana. Alifariki tarehe 22 Oktoba 1992, akiwa na miaka 84. Yule kijana wa juu ya paa aliendelea kuwatangazia Dodgers hadi mwaka wa 2016, jumla ya misimu 67.