H. G. Wells na raia waliokosekana dukani

Wanaocheza michezo ya mezani ya kutisha, ile yenye vampiri, makaburi na majumba ya kale, huchagua kwanza kisanamu cha zimwi. Kisha huchagua wawindaji wa zimwi. Raia wa kijiji huja mwishoni, kama pesa imebaki. Ndugu msomaji, nataka kukusimulia maisha ya mtu aliyelalamika zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba raia hawapatikani dukani. Ni Herbert George Wells, mwandishi Mwingereza. Mimi nasoma isimu, si historia ya michezo. Lakini swali la nani anaitwa raia, na nani anaachwa nje ya neno hilo, linanihusu.

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 huko Bromley, karibu na London. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyombo vya kaure na vifaa vya kriketi, na duka halikulipa. Mama yake alikuwa amefanya kazi ya utumishi katika nyumba za matajiri, na mwaka 1880 alirudia kazi hiyo. Mwaka 1874 mtoto alivunjika mguu, na vitabu alivyoletewa kitandani vikamfanya msomaji. Baadaye alipelekwa kujifunza kazi katika duka la vitambaa huko Southsea, kazi aliyoichukia. Mwaka 1884 alipata msaada wa masomo, akaenda London kusoma sayansi, na mmoja wa walimu wake alikuwa Thomas Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin.

Basi kabla hajawa mwandishi, Wells alikuwa ameishi na watu wadogo: mtumishi, muuzaji, kijana wa duka. Alipoanza kuandika hadithi za kutisha, watu hao aliwapa nafasi. Chukua riwaya yake ya mwaka 1897 juu ya mtu asiyeonekana. Mchezaji akitaka kuiweka mezani, atanunua kisanamu gani cha zimwi? Hakuna! Zimwi halionekani. Tunalijua kwa sababu ya mama mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Iping, mchungaji aliyeibiwa usiku, polisi anayepigana na hewa, na mzururaji anayelazimishwa kubeba vitabu. Mwishoni anayempiga ni mfanyakazi mwenye sepetu. Ukiwaondoa raia, hakuna hadithi tena.

Hapo napata kanuni ya kuchagua visanamu vya raia. Usitafute anayependeza kuliko wote. Tafuta mwenye kazi ambayo kijiji kizima kitaiona imekoma akitoweka: mwokaji, mkunga, mchimba kaburi, mwenye nyumba ya wageni. Mpe kitu mkononi, kikapu au taa, kisiwe silaha. Asiye na silaha ndiye anayeonyesha hatari ni kubwa kiasi gani.

Mwaka 1898 Wells alitoa riwaya ya viumbe kutoka Mars wanaoshuka karibu na mji wa Woking, alikokuwa ameishi mwenyewe. Mwanzoni mwake aliwakumbusha Waingereza jinsi watu wa Tasmania walivyoangamizwa na walowezi wa Ulaya. Hata hivyo, mwaka 1901, katika kitabu chake cha kubashiri karne mpya, alitaja watu weusi na wengine wa rangi kama watu ambao wasipofaa katika ulimwengu mpya watalazimika kutoweka. Siwezi kuliruka jambo hilo. Huyu aliyemjua vizuri kijana wa duka hakutuweka sisi katika kijiji chake.

Wanawe wawili walizaliwa mwaka 1901 na 1903. Alicheza nao sakafuni, wakijenga visiwa na miji kwa vipande vya mbao, na mwaka 1911 akaandika kitabu juu ya michezo hiyo. Humo ndimo yalimo malalamiko yake. Askari wa kuchezea, waliotengenezwa kwa madini ya risasi, walijaa dukani, lakini raia walikuwa adimu. Hata raia waliotoka Ujerumani walikuwa na sura ya jeshi. Muuza vyakula alikuwa na mapambo ya kijeshi mabegani. Wells alitaka mchinja nyama, mwokaji, watumishi, jaji na mawakili, kwa sababu mji wa askari peke yao si mji.

Kiswahili kinanisaidia kuielewa haja hiyo. Risasi ni jina la madini, na pia ni jina la kinachoua. Na raia ni neno la Kiarabu lenye asili ya kundi linalochungwa. Kila asemaye raia anaulizwa: mchungaji wao ni nani?

Mwaka 1913 Wells alitoa kitabu cha pili, chenye kanuni za vita vya sakafuni: askari wa miguu, wapanda farasi, na mizinga midogo inayorusha vijiti vya mbao. Nikizisoma kanuni zile, simwoni mwokaji. Lakini mwisho wa kitabu aligeuka, akasema kwamba aliyecheza mara chache ataona vita vya kweli ni upumbavu mkubwa. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilianza, naye akaviunga mkono kwa kalamu, akitumaini vitakomesha vita vyote. Havikukomesha. Mwaka 1916 aliandika riwaya juu ya baba, raia na mwandishi, anayempoteza mwanawe vitani. Raia walikuwa wamerudi katika maandishi yake, safari hii wakiomboleza.

Vita vya pili vilimkuta mzee. Mabomu yalipoanguka London, alikataa kuhama nyumba yake. Mwaka 1940 alitoa kitabu kidogo juu ya haki za binadamu. Tamko alilolitetea lilitaja kila mtu, bila kubagua taifa wala rangi. Alikufa tarehe 13 Agosti 1946, miaka 2 kabla ya Umoja wa Mataifa kupitisha Tamko la Haki za Binadamu.

Mimi simfanyi Wells mtakatifu. Maneno ya mwaka 1901 hayafutiki. Ninachokiona ni orodha ya raia iliyochelewa sana kukamilika: kwanza mchinja nyama na mwokaji, na baada ya miaka karibu 30, kila mtu. Anayepanga kijiji cha kutisha mezani anaandika orodha kama hiyo, hata akidhani anacheza tu. Aanze na raia, kisha amtafute ambaye bado hajampa nyumba. Zimwi lisubiri.