Samuel Baker: Gavana wa Gondokoro aliyekwenda Kupro kupumzika, akakutana na ushuru

Kila anayepakia mzigo Arua kwenda Kampala lazima avuke Nile, na wengi wetu huvukia Pakwach tukiwa tumesinzia kwenye basi. Ukiyafuata maji yale kwenda juu kidogo unafika Ziwa Albert, na jina hilo la Albert aliliweka Mwingereza Samuel Baker, Machi 14, 1864. Gulu kuna shule ya sekondari inayoitwa kwa jina lake. Upande wetu wa West Nile hakuukalia. Aliona tu milima ya magharibi kwa mbali, ng'ambo ya ziwa, kisha akageuka.

Vitabu vya shule hummalizia hapo, au Masindi. Mimi navutiwa zaidi na safari aliyoifanya uzeeni, ambayo haikuwa na bendera wala mizinga. Ilikuwa likizo ya majira ya baridi katika kisiwa cha Kupro, bahari ya Mediterania, Januari 1879. Mfanyabiashara wa Oraba au Vurra akiisoma safari hiyo atakuta mambo anayoyajua.

Baker alizaliwa London Juni 8, 1821, katika familia yenye pesa. Akiwa kijana alianzisha shamba Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1855. Miaka minne baadaye, katika soko la watumwa la Vidin, mji wa mto Danube uliokuwa chini ya Waturuki, alimwona msichana aliyekuwa akiuzwa, akaondoka naye. Huyo ndiye Florence. Walisafiri pamoja hadi Ziwa Albert, wakaoana London mwaka 1865. Malkia Victoria alikataa kumpokea Florence kwa sababu waliishi pamoja kabla ya ndoa, ingawa mwaka uliofuata Baker alipewa cheo cha Sir.

Mwaka 1869 mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alimwajiri kwa pauni 10,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana wakati ule. Kazi ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa juu ya Nile, kufungua biashara halali, na kuitia nchi chini ya Misri. Mambo hayo matatu hayakupatana. Magugu ya mto yalimchelewesha karibu mwaka mzima kabla hajatia nanga Gondokoro. Aprili 1872 akafika Masindi, na Mei akatangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Khedive. Kabalega hakukubali. Juni 8, siku Baker alipotimiza miaka 51, vita vikazuka, na siku chache baadaye gavana alikuwa njiani kurudi kaskazini, mizigo yake mingi ameiacha au ameichoma.

Nasema wazi: aliwakomboa watu wengi kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, na hilo lihesabiwe. Lakini alikuja kuwafungulia wenyeji biashara bila kuwauliza wanataka kuuza nini, kwa nani.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1873 alirudi Uingereza, akanunua nyumba kubwa huko Devon. Baridi ya nchi yake hakuipenda tena. Karibu kila mwaka yeye na Florence waliitoroka, mara Misri, mara India.

Mwaka 1878 Uingereza ilipewa na Sultani wa Uturuki haki ya kutawala Kupro. London watu walianza kubishana. Wengine walisema ni kisiwa cha neema, wengine wakasema ni kaburi, kwa kuwa askari wa kwanza waliopelekwa huko kiangazi kile walilazwa na homa. Baker akaamua aende akajionee kwa pesa yake mwenyewe, bila kutumwa na serikali.

Alipanga kama mtu aliyezoea misafara. Kwanza alichagua wakati. Kiangazi Kupro ni jua kali, vumbi na homa. Januari hunyesha, lakini nchi ni ya kijani na hewa ni safi, na mtu mwenye bunduki anapata ndege wa kuwinda. Pili, usafiri. Kwa kuwa nyumba za wageni hazikuwepo za kutegemea, alisafirisha kutoka Uingereza gari la kukokotwa lenye chumba ndani, kama yale wanayoishi Wajipsi wa Ulaya. Akachukua mahema, mbwa wa kuwinda, na kijana wa Kihabeshi waliyetoka naye katika safari ya Afrika, ambaye sasa alikuwa mtumishi wa nyumba yao.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Waliposhuka Larnaca walikuta kisiwa kizima kina barabara moja tu inayostahili kupita gari, ile ya kwenda Nicosia. Kwingine kote ni njia za punda, mawe na makorongo. Baker alihangaika na gari lake kadiri alivyoweza, mwishowe akaliacha, mizigo ikapanda juu ya ngamia na nyumbu. Sisi tuliozoea lami ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, tunaweza kumcheka. Wanaokumbuka njia hiyo kabla ya lami hawatacheka sana.

Ndipo likizo ikageuka kuwa uchunguzi. Akisafiri polepole, kijiji kwa kijiji, Baker alianza kuona jinsi ushuru unavyofanya kazi kwa mtu wa chini. Serikali ilidai fungu la kumi la mavuno. Shida haikuwa kiwango peke yake. Mkulima hakuruhusiwa kugusa nafaka yake mpaka ofisa wa kodi afike aipime, kwa hiyo ngano ilikaa uwanjani ikiliwa na ndege na wezi. Zabibu nazo zilimsubiri huyo huyo, na zabibu haijui kusubiri. Mvinyo uliopatikana ulisafirishwa milimani kwa nyumbu ndani ya viriba vya ngozi ya mbuzi vilivyopakwa lami, ukafika Limassol ukinuka lami, ukauzwa kwa bei ya kutupa baada ya kulipiwa kodi tena.

Mwenye lori la nyanya au vitunguu aliyewahi kulala mpakani akisubiri karatasi moja isainiwe hahitaji kuelezwa zaidi.

Baker aliona pia bandari ya Famagusta iliyojaa mchanga, akasema ingezibuliwa. Lakini Uingereza ilikuwa mpangaji tu. Ilipaswa kutoa takriban pauni 92,000 kila mwaka kutoka mapato ya kisiwa, fedha za Sultani ambazo ziliishia kwa waliokuwa wanamdai. Barabara zingejengwa na nini? Alilalamika kwa ukali kwamba wenyeji wanakamuliwa kodi bila kuona faida yake. Yule yule aliyesimika bendera ya Khedive Masindi ndiye aliyekuwa akisema hivi. Sijui kama aliwahi kuona mfanano huo.

Joto lilipoanza, walipanda milima ya Troodos na kupiga kambi kwenye monasteri ya Trooditissa, chini ya mti mkubwa. Likizo ya baridi ilikuwa imefika katikati ya kiangazi. Huko alikamilisha kitabu chake kuhusu kisiwa, kikatoka mwaka huo huo wa 1879.

Waliendelea kusafiri miaka mingine kumi na zaidi. Majira ya baridi ya 1893 yalimkuta nyumbani Devon, na huko akafa Desemba 30 akiwa na miaka 72. Florence aliishi hadi Machi 1916. Arua, ambayo mumewe hakuifikia, ilikuwa tayari ina boma la Waingereza kwa miaka miwili.