Mbaraka Mwinshehe, solo lililovuka mpaka uliofungwa

Mpiga gitaa kijana wa Bwiza, jijini Bujumbura, anayetafuta mlio mkali wa solo kama wa bendi za roki nzito za Uingereza na Marekani, kwa kawaida huanzia kwenye vifungo vya amplifaya. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, bingwa wa solo katika muziki wa dansi wa Kiswahili, aliupata ukali wake kwa njia nyingine.

Alizaliwa Juni 1944 Mzenga, Kisarawe, katika Pwani ya Tanzania. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, akawa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo wake mkuu. Mji huo ulikuwa na bendi mbili zilizochuana vikali, ya pili ikiwa Cuban Marimba. Katika ushindani wa namna hiyo, gitaa lisilosikika vizuri halivuti wateja.

Solo lazima lipenye juu ya saksafoni, magitaa ya rithim, besi na ngoma. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, mlio hupasuka na kukwaruza. Wapiga roki nzito huutaka mkwaruzo huo, huuongeza kwa makusudi, kisha hupunguza besi ili nota zisivurugike. Katika santuri zake nyingi Mbaraka alikwenda kinyume: mlio safi, mwembamba, wa juu, kila nota ikisikika peke yake hata vidole vikikimbia. Katika mlio kama huo kosa halina pa kujificha, na mkono ndio unaofanya kazi yote.

Mwaka 1970 alipiga gitaa hilo katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano.

Tatizo lake kubwa lilikuwa soko. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, vilikuwa Nairobi. Mwanamuziki aliyetaka kuuza kazi yake alilazimika kutazama ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Malori yalisimama, lakini mawimbi ya redio hayakuombewa kibali, na wimbo wake wa Shida ulipendwa pande zote mbili.

Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na yeye hakuiona siku hiyo.

Jumuiya ilifufuliwa, Burundi ikaingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Soko ambalo mfanyabiashara wa Bwiza, Uvira au Kigoma anaahidiwa leo ndilo Mbaraka alilolihitaji, na alilifanyia kazi wakati lango limefungwa.