John Calvin na Kiti cha Mzee wa Kanisa

Mnamo Mei 1531, katika mji wa Noyon kaskazini mwa Ufaransa, alifariki Gérard Cauvin, karani aliyewatumikia askofu na makasisi wa kanisa kuu la mji huo kwa miaka mingi. Kifo chake kiliwatia wanawe katika fedheha. Gérard alikuwa amezozana na waajiri wake kuhusu hesabu za mirathi, akatengwa na kanisa, na kwa mujibu wa sheria za wakati huo mtu aliyetengwa hakustahili kuzikwa katika ardhi takatifu. Ilibidi familia iwabembeleze wakuu wa kanisa ndipo mzee huyo apate kaburi. Miaka sita baadaye, 1537, Charles, mwanawe Gérard aliyekuwa kasisi, naye alikataa sakramenti za mwisho akazikwa mahali pa kunyongea wahalifu. Mwana mwingine wa Gérard aliitwa Jean. Huyu ndiye ulimwengu unayemfahamu kwa jina la John Calvin, na swali la nani ana haki ya kumtenga Mkristo na ushirika wa wenzake lilimwandama hadi siku zake za mwisho.

Calvin alizaliwa tarehe 10 Julai 1509. Alipokuwa na umri wa takriban miaka kumi na miwili, babake alimtafutia cheo kidogo cha kanisa ambacho mapato yake yalimlipia masomo. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida zama hizo: mtoto ambaye hajabalehe angeweza kupewa cheo cha kanisa na kula matunda yake pasipo kuifanya kazi yenyewe. Alisoma Paris, kisha babake akambadilishia mkondo na kumpeleka Orléans na Bourges kusomea sheria. Mafunzo hayo ya sheria yasipuuzwe, kwani yeyote anayezichunguza kanuni alizokuja kuwaandalia wazee wa kanisa huuona mkono wa mwanasheria kabla ya ule wa mhubiri. Kufikia mwisho wa 1533 alikuwa amejihusisha na wafuasi wa mageuzi ya kidini hata akalazimika kuitoroka Paris. Mwaka wa 1534 alivirejesha vyeo alivyopewa utotoni, na mnamo Machi 1536, akiwa mkimbizi mjini Basel, akachapisha toleo la kwanza la kitabu chake kikuu kuhusu misingi ya dini ya Kikristo.

Geneva hakuikusudia. Alipita hapo katikati ya 1536 akielekea Strasbourg, akinuia kulala usiku mmoja tu, lakini Guillaume Farel aliyekuwa akiongoza mageuzi mjini humo akamsihi na hata kumtisha kwa laana ya Mungu mpaka akakubali kubaki. Mji ulikuwa umemfukuza askofu wake na kuipokea imani mpya Mei mwaka huohuo. Pengo aliloliacha askofu ndilo chimbuko la kisa chote hiki. Zamani ni askofu na mahakama yake waliowaamua waumini. Sasa hayupo, na halmashauri za mji zilikuwa tayari kukikalia kiti chake. Mnamo Januari 1537 Calvin na wenzake walipendekeza wateuliwe watu wenye mwenendo mwema katika kila mtaa, wayaangalie maisha ya waumini na kuwaonya wanaopotoka. Halmashauri haikuwa na haja ya jambo hilo. Mvutano ulizidi hadi Pasaka ya 1538, Calvin na Farel walipokataa kuwagawia watu Meza ya Bwana, wakaamriwa kuondoka mjini ndani ya siku tatu.

Kufukuzwa huko kulimfaa kuliko alivyotarajia. Kule Strasbourg alilichunga kanisa la wakimbizi Wafaransa, akamwoa Idelette de Bure mnamo 1540, na akawa karibu na mwanamageuzi Martin Bucer. Bucer alikuwa na umri mkubwa zaidi na subira zaidi. Tangu 1531 mji wa Strasbourg ulikuwa na walinzi wa kanisa waliotoka miongoni mwa waumini wa kawaida, na Bucer alikuwa ameandika kwa mapana kuhusu aina mbalimbali za huduma katika kanisa. Kwa hiyo si kweli, kama inavyodaiwa mara nyingi, kwamba Calvin ndiye aliyeubuni uzee wa kanisa. Alilikuta wazo limekwisha kuota. Kazi yake ilikuwa kulipa mizizi, sheria na meno.

Wakuu wa Geneva walipomwita tena, alirejea Septemba 1541 kwa sharti kwamba kanisa liwe na utaratibu ulioandikwa. Kanuni za Kanisa zikapitishwa Novemba 20 mwaka huohuo. Kanuni hizo zilitambua huduma nne: wachungaji wa kuhubiri, walimu wa kufundisha, wazee wa kusimamia mwenendo, na mashemasi wa kuwahudumia maskini na wagonjwa. Msingi wake Calvin aliupata katika nyaraka za Paulo, hasa waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, ambapo wazee wanaotawala vema wanatajwa, kisha wanatajwa hasa wale wanaojitaabisha katika kuhubiri na kufundisha. Kutokana na mgawanyo huo Calvin alikata shauri kwamba palikuwa na wazee wa aina mbili, na kwamba mtu angeweza kuwa mzee wa kanisa bila kuwa mhubiri. Wafafanuzi wengi wa baadaye wameitilia shaka tafsiri hii. Hata hivyo, juu ya aya hiyo moja ulijengwa mfumo mzima wa uongozi.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana la kutafakari. Neno la Kigiriki presbuteros lina asili ya umri, kama lilivyo neno mzee. Katika Kiswahili mzee ni mtu wa makamo, ni mzazi, ni mwenye heshima, na pia ni mwenye kauli ya mwisho barazani. Maana zote hizo huja pamoja kila neno linapotamkwa. Kanuni za Geneva hazikutaja mvi. Zilidai watu wenye maisha mema na ya uaminifu, wasio na lawama wala tuhuma, na juu ya yote wenye kumcha Mungu na busara ya kiroho. Sifa hizo zinafuata kwa karibu orodha za Timotheo na Tito, ambako anayetakiwa ni mtu mwenye kiasi, asiye mlevi wala mgomvi, na anayeisimamia vema nyumba yake. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba katika waraka kwa Tito, mzee na askofu wanatajwa kana kwamba ni mtu yuleyule. Neno askofu lilitufikia kupitia Kiarabu kutoka Kigiriki, na asili yake ni mwangalizi tu. Calvin aliishikilia hoja hiyo kwa nguvu: aliye juu ya wengine kwa cheo hayumo katika maandiko, waliomo ni waangalizi wengi wanaoketi pamoja.

Wazee wa Geneva walikuwa kumi na wawili: wawili kutoka Halmashauri Ndogo, wanne kutoka Halmashauri ya Sitini, na sita kutoka Halmashauri ya Mia Mbili. Walichaguliwa kila mwaka, mwezi Februari, na kusambazwa ili kila mtaa uwe na jicho lake. Mzee aliyefanya kazi vizuri aliweza kuendelea mwaka uliofuata. Wanawake hawakufikiriwa. Kila Alhamisi wazee na wachungaji walikutana katika Baraza la Wazee, mmoja wa wakuu wanne wa mji akiwa mwenyekiti. Adhabu kubwa waliyoweza kutoa ilikuwa kumzuia mtu asishiriki Meza ya Bwana, ambayo Geneva iliiandaa mara nne tu kwa mwaka, ijapokuwa Calvin alitaka iwe mara nyingi zaidi.

Kumbukumbu za Baraza hilo kuanzia 1542 ziliandikwa kwa mwandiko mbaya mno, na kwa karne nyingi watu walizidondoa visa vya kuchekesha tu. Mwanahistoria Mmarekani Robert Kingdon na wenzake ndio waliojitolea kuzisoma zote, na juzuu la kwanza likachapishwa 1996. Ndani yake mna mambo ya kusikitisha: mjane aliyehojiwa kwa kumwombea marehemu mumewe, na vikongwe waliotakiwa kuikariri Sala ya Bwana kwa Kifaransa ilhali walijifunza kwa Kilatini tangu utotoni. Lakini mna pia kesi chungu nzima za mume na mke waliogombana, ndugu waliodhulumiana urithi na majirani waliokuwa hawasalimiani, na nyingi ziliishia kwa kuonywa na kupeana mikono. Aliyewahi kuketi katika baraza la wazee kijijini hatashangaa.

Mtihani mgumu zaidi kwa uzee huu ulitoka kwa wakubwa. Mwaka wa 1546 ilibainika kwamba watu wa tabaka la juu walikuwa wamecheza dansi harusini, jambo lililokatazwa na sheria za mji. Miongoni mwao alikuwa Ami Perrin, kapteni wa jeshi la mji ambaye hapo awali aliunga mkono kurudi kwa Calvin, na vilevile Amblard Corne, mwenyekiti wa Baraza la Wazee lenyewe. Corne alikiri kosa na kulipokea karipio mbele ya wazee aliokuwa akiwaongoza. Perrin hakusahau fedheha hiyo. Sifa ya kutokuwa na lawama ilikuwa imekoma kuwa maneno ya karatasini.

Mwaka huohuo, lakini, Calvin mwenyewe alionyesha upande ambao watetezi wake huupitia haraka. Pierre Ameaux, mjumbe wa Halmashauri Ndogo aliyetengeneza karata za kuchezea, alimtukana akiwa nyumbani kwake na wageni. Wakuu wa mji walikuwa tayari kumpa adhabu nyepesi. Calvin alikataa kupanda mimbarini mpaka Ameaux atembezwe mjini akiwa amevaa shati tu, kichwa wazi, mwenge mkononi, akiomba msamaha. Mtu aliyefundisha kwamba kanisa lisihukumiwe na mmoja hapo alijihukumia mwenyewe.

Suala la nani ana neno la mwisho lilibaki wazi kwa sababu halmashauri iliongeza katika Kanuni za 1541 kifungu kilichosisitiza mamlaka yake. Mnamo 1553, wapinzani wa Calvin wakiwa na nguvu, halmashauri ilimruhusu Philibert Berthelier, aliyekuwa ametengwa na Baraza, ashiriki Meza ya Bwana. Jumapili ya Septemba 3, Calvin alitangaza kanisani kwamba mkono wake hautampa mtu kama huyo mkate. Berthelier hakutokea, wakuu walikuwa wamemshauri kisirisiri asiende. Wakati huohuo kesi ya Michael Servetus ilikuwa ikiendelea. Servetus alishtakiwa kwa uzushi, akachomwa moto Oktoba 27. Hukumu hiyo ilitolewa na wakuu wa mji, wala si Baraza la Wazee, lakini mashtaka yalianzishwa kwa mkono wa Calvin, na hakuna kanuni ya uzee inayoweza kumwondolea doa hilo.

Mnamo Januari 1555 halmashauri ziliamua kwamba Baraza la Wazee libaki na mamlaka yake. Uchaguzi wa mwaka huo uliwapa ushindi marafiki wa Calvin. Mwezi Mei zikazuka ghasia usiku, Perrin akatoroka, na baadhi ya wenzake wakauawa. Si rahisi kusema kama uzee ulishinda kwa ubora wake au kwa sababu wapinzani hawakuwapo tena. Kadhalika ikumbukwe kwamba Calvin mwenyewe, katika miaka yote hiyo, alikuwa mgeni asiye na kura mjini. Uraia aliupata Desemba 1559. Wazee walitoka katika halmashauri za mji, na wachungaji wengi walikuwa Wafaransa wakimbizi. Bila wazee, Baraza lingekuwa mahakama ya wageni juu ya wenyeji.

Badiliko moja dogo lililoingizwa katika Kanuni zilizorekebishwa na kuchapishwa 1561 linaeleza mengi. Mkuu wa mji anayeketi na wazee aliagizwa asije na fimbo yake ya mamlaka. Barazani humo angekuwa mzee kama wazee wengine.

Mfumo huo ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka. Makanisa ya Ufaransa, yaliyokutana kwa siri mjini Paris mnamo 1559, yaliuchukua bila msaada wa serikali yoyote, ikadhihirika kwamba wazee waliweza kusimama bila halmashauri nyuma yao. John Knox, aliyekuwa mchungaji wa wakimbizi Waingereza mjini Geneva, aliupeleka Scotland, na kufikia 1560 wazee walikuwa katika kanuni za kanisa jipya la huko. Waskoti ndio waliofungua misheni Kibwezi mnamo 1891 na kuihamishia Kikuyu mwaka wa 1898, na kutoka hapo mzee wa kanisa, anayechaguliwa na waumini na kukabidhiwa mtaa wake wa kuuangalia, akaingia katika maisha ya Kenya. Katika Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki leo wanawake nao wameketi katika kiti hicho.

Idelette alifariki 1549. Mtoto wao wa kiume alikuwa amekufa mchanga miaka saba kabla. Calvin aliendelea kuhubiri, kuandika na kuhudhuria Baraza huku maradhi yakimla polepole, na mara nyingine alibebwa kwa kiti hadi kanisani. Katika majuma yake ya mwisho aliwaaga wakuu wa mji, kisha wachungaji. Alifariki tarehe 27 Mei 1564, akazikwa kesho yake katika makaburi ya watu wote. Mwana wa Gérard Cauvin alikuwa ameagiza kaburi lake lisiwekwe alama, na hadi leo mahali halisi alipolazwa hapajulikani.