JOHN HARRISON, SEREMALA ALIYEIPATIA BAHARI SAA

Tukiulizwa darasani ni nani waliosaidia kuichora ramani ya dunia, sisi sote huwataja manahodha na wasafiri. Mimi muhula huu napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuwa nahodha wala msomi wa chuo kikuu, bali seremala wa kijijini aliyejifundisha kazi ya saa mwenyewe nyumbani kwake. Jina lake ni John Harrison.

Alizaliwa mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, Uingereza. Baba yake alikuwa seremala, na John alipokuwa angali mtoto mdogo jamaa yote ilihamia Barrow, kijiji kilicho karibu na mto Humber. Huko akajifunza kazi ya baba yake, kupima, kukata na kuranda mbao. Elimu ya shule aliipata kidogo tu, lakini hamu ya kujua alikuwa nayo tele. Kasisi mmoja alipomwazima mafunzo ya sayansi ya mwalimu mmoja wa Cambridge, kijana huyo aliyanakili yote kwa mkono wake, maneno pamoja na michoro, akayasoma kwa miaka mingi.

Mwaka 1713, alipokuwa na umri wa miaka 20, alimaliza saa kubwa ya pendulamu, yaani yenye uzito unaoning'inia na kuyumba. Karibu vyombo vyote vya ndani, hata magurudumu, alivichonga kwa mbao, maana mbao ndizo alizozijua. Wahunzi wa zamani wa Mamba, hapa kwetu mlimani, nao walifua majembe na mikuki bila kungojea kiwanda. Mtu huanza na kile kilichomo mkononi mwake.

Baadaye akatakiwa kutengeneza saa ya mnara katika shamba la bwana mmoja tajiri, mahali paitwapo Brocklesby. Mafuta ya saa ya siku zile yalikuwa yakiganda na kuzisimamisha saa. Harrison akatumia mti mgumu wa nchi za joto unaotoa mafuta wenyewe, na saa ile haikuhitaji kutiwa mafuta hata kidogo. Kisha, akisaidiana na ndugu yake James, akatengeneza pendulamu ya fito za shaba ya njano na za chuma zilizopangwa pamoja. Chuma na shaba hurefuka katika joto, lakini si kwa kiasi kimoja, hivyo kurefuka kwa hizi kulifuta kurefuka kwa zile, na saa ikaenda sawasawa wakati wa joto na wa baridi. Ili kuihakikisha, alikesha dirishani akitazama nyota inapopotea nyuma ya bomba la moshi la nyumba ya jirani, maana nyota hupita mahali pale pale kila usiku mapema kwa dakika 3 na sekunde 56. Saa zake zikawa hazikosei hata sekunde moja kwa mwezi.

Sasa yafaa nieleze kwa nini mabaharia walikuwa na shida ya saa. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, ndiyo kusema digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Mji wetu wa Moshi upo yapata digrii 37 na theluthi moja mashariki ya Greenwich. Zidisha kwa 4, utapata dakika 149. Basi jua linapofika juu kabisa hapa Moshi, huko Greenwich, kwa kulifuata jua lao, bado ni saa tatu na dakika 31 asubuhi. Mtu mwenye saa inayoshika wakati wa Greenwich pasipo kukosea hulitazama jua, akaitazama na saa yake, kisha akajua yuko wapi kati ya mashariki na magharibi. Lakini saa hiyo ikitangulia kwa dakika 2 na nusu tu, hesabu itamwambia kwamba yuko Arusha! Kwetu sisi wa nchi kavu jambo hili ni la kuchekesha. Kwa nahodha aliye katika giza na ukungu, maana yake ni kugonga mwamba.

Mwaka 1707 manowari nne za Kiingereza zilipotea njia zikagonga miamba ya visiwa vya Scilly, na watu zaidi ya elfu moja wakafa maji. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi pauni 20,000 kwa yeyote atakayepata njia ya kujua longitudo baharini kwa kukosea si zaidi ya nusu digrii. Kwa fundi wa saa, kipimo hicho kilikuwa dakika 2 kwa safari nzima ya kuvuka bahari. Kwa safari ya wiki sita ni chini ya sekunde 3 kwa siku, na hayo ndani ya chombo kiendacho mrama, ambamo pendulamu haiwezi kuyumba sawasawa.

Harrison akaishika kazi hiyo. Saa yake ya kwanza ya bahari ilikwisha mwaka 1735, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 34 hivi. Mwaka 1736 ikasafirishwa mpaka Lisbon, na wakati wa kurudi Harrison akamwonyesha bwana wa chombo kwamba nchi waliyoiona siyo ile aliyoidhania. Hata hivyo Harrison hakuridhika, akaanza ya pili, kisha ya tatu. Hiyo ya tatu ilimla miaka 19. Ndani yake alibuni vitu viwili tunavyovitumia hata leo: ubao mwembamba wa madini mawili yaliyounganishwa, ambao hupinda kwa joto, kama ule uzimao pasi ya umeme inapokuwa moto mno, na beringi zenye kizimba cha kuzitenga, ambazo jamaa zake zimo katika magari yote yapandayo mlima wetu.

Hapa ndipo ninapomstaajabia zaidi. Siku zile saa za mfukoni zilidharauliwa, maana hazikushika wakati. Yapata mwaka 1753, Harrison alimwomba fundi wa London, John Jefferys, amtengenezee saa ya mfukoni kwa kuigeuza mitambo ya ndani kama yeye Harrison alivyoelekeza. Ilikuwa iwe saa ya kutumia tu. Lakini ikashika wakati vizuri kuliko alivyotazamia. Akatambua kwamba gurudumu dogo lipigalo kwa haraka halisumbuliwi sana na mishtuko ya chombo, kama vile pia izungukayo kwa kasi isivyoanguka upesi. Mzee huyu, aliyekwisha kupita miaka 60, akakubali kuiweka kando kazi ya nusu ya maisha yake. Mwaka 1759 saa yake ya nne ilikuwa tayari: upana wa sentimeta 13, kama sahani ndogo, nayo ilipiga mara 5 kwa sekunde.

Nyumbani kwetu Marangu ninayo saa kuukuu ya mkono, ya kutia ufunguo, ambayo nimeifungua nikaigeuza mwendo. Juu ya gurudumu lake la mizani mna kijiti kidogo; ukikisogeza upande mmoja, ile springi nyembamba kama unywele hufupishwa na saa huongeza mwendo; upande wa pili, hupunguza. Kila jioni huilinganisha na milio ya redio, nikaandika katika daftari. Daftari hilo limenifundisha jambo moja. Saa ikichelewa sekunde 15 kila siku bila kubadilika si kitu, maana utazihesabu. Taabu ni ile saa iendayo vingine katika baridi ya Julai huku mlimani, na vingine katika joto la Februari kule mjini. Kijiti changu hakiwezi kuondoa taabu hiyo; Harrison aliiondoa kwa kiasi kikubwa miaka zaidi ya 260 iliyopita. (Simshauri mwenzangu yeyote aanze na saa ya baba yake.)

Mwaka 1761 mwanawe William aliichukua saa ya nne mpaka Jamaica. Baada ya siku 81, ukihesabu mwendo wake wa kila siku uliojulikana, ilikuwa imechelewa sekunde 5 hivi tu. Halmashauri iliyoshika zawadi haikutosheka. Safari ya pili, ya Barbados mwaka 1764, nayo ilishinda kipimo. Hata hivyo mwaka 1765 walimpa pauni 10,000 tu, tena baada ya kuifungua saa na kueleza siri zake zote. Katika Halmashauri alikuwamo Nevil Maskelyne, mtaalamu wa nyota, aliyeitegemea zaidi njia ya kuupima mwezi. Nisiwaonee watu hao: walikuwa na haki kuuliza kama fundi mwingine angeweza kutengeneza saa ya namna hiyo, maana saa moja haiwezi kuongoza merikebu zote. Lakini mzee aliona kwamba kila alipofika mlangoni, mlango ulisogezwa mbele.

Jibu la swali lao lilitolewa na fundi Larcum Kendall, aliyemaliza nakili ya saa ile mwaka 1769. Kapteni James Cook aliichukua katika safari yake ya 1772 hadi 1775, akarudi akiisifu. Mfalme George wa Tatu naye aliijaribu saa ya tano ya Harrison mwaka 1772, akawa upande wa mzee. Mwaka 1773 Bunge likampa pauni 8,750 nyingine. Alifariki London mwaka 1776, akiwa na umri wa miaka 83, pasipo kutangazwa kamwe kuwa mshindi wa zawadi.

Saa za namna hiyo zilifika hata nchi hii. Burton na Speke walizichukua katika safari yao ya mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika. Zilipoharibika njiani, Speke alilazimika kufunga risasi kwenye uzi, akahesabu sekunde kwa kuyumba kwake.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kazi ya mikono ni ya wale walioshindwa vitabu. Harrison aliranda mbao mchana na kunakili masomo usiku, na hakuona vita kati ya mambo hayo mawili. Tena hakuipenda kazi yake kupita ukweli: nyota iliposema saa inakosea aliiamini nyota, na saa ndogo ilipoishinda kubwa aliishika ndogo. Nasi tunapoambiwa karakana kwamba kipimo chetu hakikukaa sawa, tusikasirike. Tuchukue rula, tupime tena.