Maisha ya Wilhelm Maybach, Yatima Aliyepoza Injini

Mtu aliyewahi kusafiri kwa lori la zamani kutoka Morogoro kwenda Iringa anaujua mlima Kitonga. Lori hupanda polepole, mvuke hufoka mbele, utingo huruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha hukimbilia debe la maji. Nilipokuwa mtoto nilikaa kando ya barabara ile karibu saa nzima, tukingoja rejeta ipoe. Dereva wetu hakuthubutu kufungua kifuniko, maana maji yale yangembabua uso. Tangu siku hiyo nilitamani kujua ni nani aliyebuni chombo kile.

Wilhelm Maybach alizaliwa Heilbronn, Ujerumani, tarehe 9 Februari, 1846. Alipotimiza miaka 10 hakuwa na baba wala mama. Akapelekwa katika nyumba ya yatima mjini Reutlingen, akafundishwa kuchora mitambo. Huko ndiko alikokutana na Gottlieb Daimler, nao wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Mwaka 1885 walitengeneza baiskeli ya injini.

Adui yao alikuwa joto. Mafuta yakiungua ndani ya silinda, sehemu tu ya nguvu yake husukuma gari. Nyingine hubaki kuwa joto, na joto hilo lisipoondolewa, chuma hutanuka na pistoni hukwama. Magari ya kwanza yaliacha maji yachemke na kupotea hewani, kwa hiyo yalikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Katika gari la mwaka 1889 Maybach alipitisha maji ndani ya mabomba ya fremu yenyewe! Akili kubwa, lakini injini zilipozidi nguvu haikutosha.

Mtu mwingine angeongeza maji. Maybach aliongeza mahali pa maji kukutana na upepo. Mwishoni mwa mwaka 1900 alimaliza rejeta yenye vijibomba 8,070, kila kimoja upana wa milimita 6, mfano wa sega la nyuki. Upepo ulipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katikati yake, na nyuma akaweka feni. Maji yaliyohitajiwa yakapungua kutoka lita 18 hadi 9. Gari hilo liliitwa Mercedes, jina la binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek aliyeliagiza. Jina la fundi halikuandikwa.

Feni ile ndiyo tegemeo la dereva wa Kitonga, kwani mlimani injini hufanya kazi nyingi na upepo wa mwendo ni haba. Tena huku kwetu juu maji huwahi kuchemka: Mbeya, penye mita 1,700 hivi, huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kifuniko chenye springi, kilichokuja baadaye, hubana mvuke ili maji yachelewe kuchemka. Ukikifungua kingali moto, maji huruka yote kwa mara moja.

Daimler alikufa Machi 1900, kabla ya kuiona rejeta hiyo. Baada yake Maybach alipoteza sauti katika kampuni, akaondoka mwaka 1907, akiwa mtu wa miaka 61. Hakukaa bure. Pamoja na mwanawe Karl alianza kuunda injini za ndege kubwa za puto za Zeppelin. Alikufa tarehe 29 Desemba, 1929, akazikwa Cannstatt, katika makaburi yale yale alimolala Daimler.