Court de Gébelin na Karata za Mafirauni

Hata leo wapo watu wanaotandaza karata za taroti mezani wakitaka ziwafichulie siri za makaburi ya Misri ya kale: nani alizikwa humo, alikufaje, na ni ibada gani zilizofanywa gizani mle. Imani kwamba karata hizo zina ujuzi wa Mafirauni haikutoka Misri. Ilizaliwa Paris mwaka wa 1781, katika kalamu ya Antoine Court de Gébelin, mtu ambaye maisha yake yanafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa lugha.

Baba yake, Antoine Court, alikuwa mchungaji aliyeyakusanya upya makanisa ya Kiprotestanti ya kusini mwa Ufaransa wakati ibada yao ilipokuwa haramu. Waumini walikutana nyikani kwa siri; mchungaji aliyenaswa alinyongwa. Mwaka wa 1729 Court alikimbilia Lausanne, Uswisi, na huko ndiko mwanawe alikokulia na kusomea, hata naye akawa mchungaji mnamo 1754. Mwaka wa 1762, mjini Toulouse, mchungaji François Rochette alinyongwa, na mfanyabiashara Jean Calas akauawa gurudumuni kwa kosa asilolitenda. Mwaka uliofuata Court de Gébelin alichapisha kitabu cha kuwatetea Waprotestanti, kisha akahamia Paris awe mtetezi wao mbele ya wakubwa wa serikali. Kazi hiyo ilihitaji ujasiri, na ujasiri alikuwa nao.

Usiku alikuwa mwanaisimu. Kati ya 1773 na 1782 alitoa majuzuu tisa ya Monde primitif, akikusudia kuthibitisha kwamba lugha zote za binadamu zilichipuka katika shina moja, na kwamba ngano za kale zilificha hekima ya wahenga. Katika juzuu la nane ndimo alimoziingiza karata. Alikuwa amemkuta mwanamke mmoja akicheza taroti, na kwa takriban robo saa akaamua kwamba ule haukuwa mchezo bali kitabu cha makuhani wa Misri kilichosalimika kwa kujifanya upuuzi.

Ushahidi wake ulikuwa upi? Jina lenyewe alilipasua vipande viwili, akavipa maana ya njia na mfalme kwa Kimisri, ilhali wakati huo hapakuwa na mtu aliye hai aliyeweza kuyasoma maandishi ya Mafirauni. Champollion aliyafumbua mwaka wa 1822. Picha zilipokataa kumtii, alizirekebisha. Mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja alimpindua, akadai kuwa ni Hadhari iliyochorwa kichwa chini na fundi mjinga. Karata ya Kiyama, yenye wafu wanaotoka makaburini, aliiondolea makaburi, ikawa picha ya Uumbaji! Katika kipengele hiki mwandishi wa makala hii hana huruma naye: mwenye kuondoa makaburi ili nadharia isimame hatafiti tena, anapiga ramli.

Ukweli ulikuwa karibu zaidi. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na karata za kawaida ziliingia Ulaya karne moja kabla, kutoka nchi za Kiislamu. Jumba la Topkapi mjini Istanbul limehifadhi karata za Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo, zenye vikombe, sarafu, panga na vijiti vya polo. Basi Misri imo, ila si ile ya Mafirauni. Mswahili anayecheza karata huzitaja alama hizo bila kujua: kopa ni vikombe vya Wareno, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, pau ni magongo. Hata turufu ni ndugu wa neno ambalo Waitalia waliziitia zile karata 22 za picha, au karibu zote. Hapa etimolojia ina nyaraka za kuishuhudia.

Mwaka wa 1783 aliugua mguu, akatibiwa na Franz Mesmer, tabibu wa usumaku, akatangaza hadharani kwamba amepona. Alifariki Mei 1784. Mwaka mmoja baadaye Etteilla, mpiga ramli wa Paris, alichapisha mafunzo ya kutabiri kwa taroti. Na mnamo 1870 Paul Christian akasimulia habari za ukumbi wa chini kwa chini karibu na piramidi, wenye picha 22 ukutani. Ukumbi huo haujaonekana. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka wa 1922, mchezo uliokutwa humo ulikuwa seneti, bao la miraba 30.

Court de Gébelin mwenyewe alizikwa Franconville, katika bustani ya rafiki yake, Kabaila d'Albon. Sheria ya kuwaruhusu Waprotestanti wa Ufaransa kuandikishiwa ndoa, vizazi na vifo vyao na serikali ilitolewa Novemba 1787, miaka mitatu baada ya yeye kuingia kaburini.